Nini Kiwe Katikati?

Tarehe 24 Oktoba 1968, walimu watatu wa Nairobi waliandika waraka mfupi kwa wenzao wa Kitivo cha Sanaa. Wakati huo Nairobi ilikuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Walimu hao walikuwa James Ngugi, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong. Walipendekeza kwamba Idara ya Kiingereza ifutwe.

Msomaji wa kitabu hiki anaweza kuuliza: habari za idara ya Kiingereza zina uhusiano gani na imani yetu? Tunamwomba avumilie kidogo. Waraka ule uliuliza swali ambalo kila usharika utaulizwa na watoto wake wenyewe, kama haujaulizwa tayari. Sisi tumeulizwa, na ndiyo maana tunaandika.

Kwanza tueleze lililotokea. Mwezi mmoja kabla ya waraka huo, tarehe 20 Septemba, bodi ya kitivo ilipokea maelezo ya kaimu mkuu wa idara kuhusu mwelekeo wa masomo. Alieleza kwamba Idara ya Kiingereza ina historia ndefu na mtaala imara, kwa kuwa inafuatilia ukuaji wa utamaduni mmoja, yaani ule wa nchi za Magharibi, hatua kwa hatua. Alikubali kwamba siku zijazo idara itapunguza Uingereza wake na kufungua mlango kwa waandishi wa Marekani, Karibi, Afrika na kwingineko. Wengi wangeyapokea hayo kama maendeleo mazuri.

Wale watatu waliona vingine. Waliona nyumba inabaki ileile, na Afrika inapewa kigoda karibu na mlango. Wakauliza: ikiwa ni vema kufuatilia utamaduni mmoja tangu chimbuko lake hadi leo, kwa nini utamaduni huo usiwe wa Kiafrika? Kwa nini fasihi ya Afrika isiwekwe katikati, ili tamaduni nyingine zitazamwe kutokea hapo?

Tukumbuke hali ya siku zile. Kenya ilipata uhuru wake tarehe 12 Desemba 1963. Miaka mitano baadaye kijana aliyetoka Nyeri au Kisumu bado aliweza kuhitimu shahada kwa kusoma zaidi waandishi wa Uingereza, karne baada ya karne. Hadithi alizosimuliwa na bibi yake jioni mekoni hazikuwa na nafasi darasani. Walimu wale walisema hadithi hizo, pamoja na nyimbo, methali na vitendawili, ni fasihi kamili, na kwamba ndiyo mizizi ya mti wote. Wakapendekeza zifundishwe. Wakapendekeza pia fasihi ya Kiswahili, waandishi wa Kiafrika waliotumia Kiingereza na Kifaransa, waandishi wa Karibi, na fasihi ya Ulaya nayo.

Hilo la mwisho watu wengi hulisahau. Hawakutaka Shakespeare achomwe moto. Walisema wazi kwamba hawakatai mito inayotoka kwingine, hasa ule wa Magharibi. Walichotaka ni kujua mtu anasimama wapi anapoitazama mito hiyo. Baada ya mabishano ya muda, chuo kikawa na idara ya fasihi na idara ya lugha, na fasihi ya Afrika ikachukua nafasi ya katikati. Mwaka 1974 walimu walikutana Nairobi kuzungumzia jinsi ya kuyafikisha mambo hayo katika shule za sekondari.

Chuoni tunakofundisha theolojia huwa tunausoma waraka huu na wanafunzi wetu. Mwanzoni huona ni habari za watu wengine. Kisha mmoja wao hufungua daftari lake la Historia ya Kanisa na kuanza kuhesabu kurasa. Wittenberg ina kurasa nyingi. Geneva ina kurasa nyingi. Anapotafuta Afrika, huikuta karibu na mwisho, pale wamisionari wanaposhuka melini.

Hapo ndipo tunapowakumbusha Augustino. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, akawa askofu wa Hippo, na miji yote hiyo miwili iko katika nchi ambayo leo inaitwa Algeria. Tunawakumbusha Athanasio wa Aleksandria, mtetezi mkuu wa imani ya Nikea tunayoikiri siku za sikukuu. Luther mwenyewe alikuwa mtawa wa shirika lililobeba jina la Augustino. Afrika ilikuwamo katika hadithi ya Kanisa karne nyingi kabla ya meli zile. Wanafunzi wakisikia hayo hukaa wima kwenye viti vyao. Baba wa Kanisa ambaye walimdhania kuwa mtu wa Ulaya anageuka kuwa mwana wa bara lao.

Lakini swali la katikati haliishi na historia. Linafika hadi kwenye mimbari. Mwanafunzi wetu husoma theolojia kwa Kiingereza, hufanya mtihani kwa Kiingereza, kisha Jumapili hutumwa usharikani. Huko anahubiri kwa Kiswahili, na baada ya ibada anakwenda kumtembelea mgonjwa anayesali kwa lugha ya mama yake. Somo moja linavuka mito miwili kabla ya kumfikia mwenye njaa. Kila mtumishi wa Neno katika nchi yetu anaijua kazi hiyo.

Chukua fundisho ambalo sisi Walutheri tunasema Kanisa husimama au kuanguka nalo. Kwa Kiswahili tunaliita kuhesabiwa haki kwa imani. Tulipokuwa katika somo la jioni kwenye mtaa mmoja wa miteremko ya Kilimanjaro, tukiwa na wanafunzi wawili wa mazoezi, bibi mmoja aliuliza, "Baba Mchungaji, hiyo haki mnayosema, ni kama ile ya kihamba?" Watu wakacheka kidogo. Kihamba ni shamba la migomba lenye nyumba ya ukoo, na kesi za kihamba kila mtu anazijua. Haki, kwa masikio ya bibi, ilikuwa kitu ambacho mtu hukidai mbele ya wazee, akiwa na mashahidi wake.

Wanafunzi wakaeleza kwa utaratibu mzuri: Mungu anamtangaza mwenye dhambi kuwa mwenye haki kwa ajili ya Kristo, bila mastahili yake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi ni kama kitindamimba. Anakaa katika nyumba ya baba yake. Hakuinunua."

Kwa Wachaga, nyumba ya baba kwa desturi hubaki kwa mtoto wa mwisho. Hapewi kwa sababu amefanya kazi kuliko kaka zake. Anapewa kwa sababu ni mtoto. Wanafunzi wale wawili waliandika maneno ya bibi katika madaftari yao, chini ya maelezo waliyoyatoa chuoni. Tunaamini hapo ndipo somo lilipokamilika. Kilichoandikwa vitabuni hakikutupwa, kwa maana bila hicho wasingekuwa na la kumweleza. Lakini kilipata mahali pa kukaa.

Hatukujifunza jambo hilo kwa walimu wa Nairobi peke yao. Liko katika urithi wetu wenyewe. Zile Hoja 95 za Luther, za tarehe 31 Oktoba 1517, ziliandikwa kwa Kilatini, lugha ya wasomi, zikiwaita wenzake kwenye mjadala. Nazo zilikuwa waraka wa mwalimu wa chuo kikuu, kama ule wa 1968, na ni wa mwezi wa Oktoba vilevile. Kama mambo yangeishia katika Kilatini, pengine yangebaki ugomvi wa maprofesa. Lakini miaka michache baadaye, akiwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, Luther alikaa akatafsiri Agano Jipya katika Kijerumani, likachapishwa mwaka 1522. Biblia nzima ilitoka mwaka 1534. Na mwaka 1530, alipokuwa akijibu waliomshambulia kwa tafsiri yake, alieleza kwamba mtafsiri anapaswa kumsikiliza mama nyumbani, watoto barabarani na mtu wa kawaida sokoni, aone jinsi vinywa vyao vinavyosema. Luther angefurahi kukaa pembeni ya yule bibi.

Kazi hiyo imefanyika na kwetu. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na jumuiya ya misioni ya Kianglikana, alifika Mombasa. Katika mwaka huohuo alimzika mke wake na mtoto wao mchanga. Katika mwaka huohuo pia alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Baada yake walikuja wengi, Waafrika na wageni, hadi ilipopatikana Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tuliikuta nyumbani imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Wale waliowasaidia watafsiri kuchagua neno hili na kuliacha lile, wakikaa nao chini ya miti na kwenye baraza, mara nyingi hawatajwi majina kwenye majalada. Bila wao tusingekuwa na kitabu.

Na nyuma ya hao wote iko siku ya Pentekoste. Matendo ya Mitume sura ya 2 inasimulia kwamba watu kutoka nchi nyingi walisikia matendo makuu ya Mungu, kila mmoja kwa lugha aliyozaliwa nayo. Roho Mtakatifu angeweza kuwapa wote uwezo wa kuelewa lugha moja, na kazi ingekuwa rahisi. Hakufanya hivyo. Alizishukia lugha zote. Hata maneno ya Bwana wetu yametufikia kwa tafsiri: watu wa Galilaya walizungumza Kiaramu, nazo Injili zimeandikwa kwa Kigiriki. Kwa hiyo Mkristo hana lugha moja takatifu ambayo nyingine zote ni vivuli vyake.

Ndiyo maana tunasema kwamba Kanisa lina sababu ya kuwasikiliza wale walimu watatu, hata pale lisipokubaliana nao katika yote. Walipouliza nini kiwe katikati, waligusa jambo ambalo mitume waliligusa kabla yao. Katika Matendo sura ya 15 mitume na wazee walikutana Yerusalemu kuamua kama watu wa mataifa ni lazima watahiriwe na kushika desturi za Kiyahudi ndipo wawe wa Kristo. Wakaamua kwamba Mungu amewapokea jinsi walivyo, kwa neema. Mgiriki hakulazimika kuwa Myahudi kwanza. Kwa hoja hiyohiyo Mchaga, Mhaya au Mnyakyusa halazimiki kuwa Mjerumani kwanza.

Hata hivyo imani inaongeza neno moja, na neno hilo ni gumu. Ukimwondoa London katikati, ukamweka Nairobi, bado umeweka mji. Waraka ulihusu masomo ya fasihi, na kwa masomo hayo jibu lake lilifaa. Mtu husoma dunia akianzia alipo. Lakini katika mambo ya wokovu, sisi nasi hatuwi katikati. Paulo anawaandikia Wakolosai, katika sura ya 1, kwamba vitu vyote hushikamana katika Kristo. Lugha yetu, ukoo wetu na taifa letu vinamzunguka yeye, kama vile Ujerumani na Uingereza zinavyomzunguka. Yeyote atakayejaribu kukikalia kiti hicho, awe mgeni au mwenyeji, atawaumiza wengine.

Tuseme kwa mfano wa karibu. Kiswahili kimetuunganisha Tanzania, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini Kiswahili nacho kinaweza kumfanyia bibi wa Kichaga kile ambacho Kiingereza kilimfanyia kijana wa Nyeri. Yuko mzee asiyeweza kutubu dhambi zake kwa Kiswahili sanifu. Akisali anasema Ruwa, kama mama yake alivyomwita Mungu. Mchungaji anayemtembelea akamwomba arudie kwa Kiswahili ili wajukuu waelewe, anamwambia akae karibu na mlango wa nyumba yake mwenyewe. Sharika nyingi bado huimba wimbo wa kinyumbani msibani, na watu hulia kwa namna ambayo hawakulia wakati wa mahubiri. Tusiione hiyo kuwa desturi ya wasiosoma.

Sasa tufike kwenye jambo lililotusukuma kuandika.

Mwezi Machi 1970, James Ngugi alialikwa kuzungumza mbele ya Mkutano Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, jijini Nairobi. Alianza kwa kuwaambia wajumbe kwamba yeye si mtu wa Kanisa, na wala si Mkristo. Kisha akalisema Kanisa kwa ukali kuhusu jinsi lilivyoshirikiana na ukoloni na kudharau utamaduni wa watu. Alipomaliza, mzee mmoja alisimama kwa hasira, akatikisa fimbo yake kuelekea mbele, akamtaka msemaji atubu. Akaongeza kwamba msemaji anajidanganya, kwa maana ana jina la Kikristo, James. Inasimuliwa kwamba neno hilo lilimchoma. Aliona mzee ana hoja. Baadaye akaliacha jina la James, akajiita Ngũgĩ wa Thiong'o hadi kifo chake mwezi Mei 2025.

Tumemfikiria sana mzee yule. Alikuwa analipenda Kanisa lake, hilo hatuna shaka nalo. Lakini alichokishika kama uthibitisho wa ukristo wa mtu kilikuwa jina la Kiingereza. Ngugi alikuwa amesoma Alliance, shule iliyoanzishwa na misheni za Kiprotestanti, na katika ujana wake pale alikuwa mwenye bidii ya dini. Riwaya yake ya mwaka 1967 imepata jina kutokana na maneno ya Yesu kuhusu punje ya ngano, katika Yohana sura ya 12. Alipofungwa gerezani bila kushtakiwa, kuanzia Desemba 1977 hadi Desemba 1978, aliandika riwaya kwa Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Kwa Kiswahili inajulikana kama Shetani Msalabani. Ndani yake alitumia mafumbo na sauti za Biblia, kwa sababu alijua kwamba wakulima na wafanyakazi aliowaandikia wanaijua Biblia kwa lugha yao. Mtu aliyesema yeye si wa Kanisa aliendelea kula katika sahani ya Neno. Mzee wa fimbo hakuwa na njia ya kuliona hilo.

Miaka michache iliyopita kijana wa usharika wetu, mwanafunzi wa fasihi katika mwaka wake wa pili wa chuo kikuu, alitujia ofisini. Alituamkia vizuri, akakaa, akatoa barua. Aliomba jina lake la ubatizo lifutwe katika kitabu cha usharika. Jina hilo ni Wilhelm. Alikuwa ameusoma waraka wa Nairobi, na alikuwa amesoma pia historia ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Akasema, "Baba Mchungaji, hili ni jina la Kaizari aliyetawala wakati babu zetu wanapigwa risasi. Mlinimwagia maji mkanitia jina lake."

Jambo hilo halikuwa dogo kwa jamaa yake. Wilhelm lilikuwa jina la baba wa babu yake, wa kwanza kubatizwa katika ukoo baada ya misioni ya Leipzig kufika Kilimanjaro mwaka 1893. Ukoo ulimtenga kwa muda, naye hakurudi nyuma. Kwa baba wa kijana, ambaye ni mzee wa kanisa, jina hilo ni ushuhuda. Halihusiani na Kaizari yeyote. Linahusiana na mtu aliyelala nje usiku kwa ajili ya Yesu. Baba alisema kijana akilitupa jina, asahau na kuingia nyumbani. Tukawa na mtoto mmoja mwenye akili, baba mmoja mwaminifu, na jina moja lenye historia mbili, zote za kweli.

Baraza la wazee lilikaa. Wengine walitaka kijana aandikiwe barua ya onyo. Mmoja akasema watoto wasipelekwe kusoma masomo ya namna hiyo. Mama mmoja mkimya, mjane anayefundisha shule ya Jumapili, akauliza, "Kwani tunabatizwa kwa jina la nani?"

Swali hilo lilifungua njia. Katekisimo Ndogo inatufundisha kwamba ubatizo ni maji yaliyofungwa pamoja na Neno la Mungu. Agizo la Bwana katika Mathayo sura ya 28 linataja jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Halitaji Wilhelm, wala James, wala jina lolote la Ulaya. Wazazi wetu katika imani walilielewa hilo mapema. Tazama majina ya washarika wetu: Elibariki, Elifuraha, Elineema. Neno la Kiebrania la Mungu limekumbatiana na Kiswahili katika jina la mtoto mmoja. Hakuna mtaalamu aliyewaagiza wayatunge. Waliyatunga wakiwa na furaha.

Tulimwita kijana pamoja na baba yake. Tulimweleza kwamba kitabu cha usharika ni kumbukumbu ya lililotokea, kwa hiyo hatufuti. Lakini tutaandika pembeni jina analotaka kuitwa, na kwa jina hilo tutamwita mezani pa Bwana. Kisha tukamwomba baba asimulie habari za Wilhelm wa kwanza, usiku ule wa kulala nje, na wimbo aliokuwa akiuimba. Baba alisimulia kwa Kichaga, kwa muda mrefu. Kijana alikuwa na kalamu mkononi. Katikati ya hadithi tuliona anaandika.

Tungependa kusema kwamba yote yamekwisha vizuri. Hayajaisha. Kijana anaitwa jina lake la ukoo. Mlango wa nyumbani haujafungwa. Ibadani huja mara chache, hukaa nyuma, na hatujui atakachoamua. Maswali yake kuhusu Kanisa na bunduki za Wajerumani bado anayo, na mengine ni ya haki na yanahitaji majibu ya kweli. Tunamwombea kila wiki kwa jina alilolichagua. Mungu analijua.

Wapendwa washarika, watoto wetu wanasoma. Watarudi likizo na maneno ambayo hatukuyasikia ujanani mwetu. Baadhi yao watauliza kwa ukali, kwa sababu wameumia. Tusiinue fimbo. Imani iliyovuka kutoka Kiaramu hadi Kigiriki, hadi Kilatini, hadi Kijerumani, hadi Kiswahili na Kichaga, haitavunjwa na swali la mwanafunzi wa mwaka wa pili. Tumuulize anasoma nini. Tukiweza, tukisome pamoja naye. Na tusimamie lile tusiloweza kuliachilia: kwamba katikati yuko Kristo aliyesulubiwa na kufufuka, na kwamba nafasi hiyo haina mpangaji mwingine.

Jambo la pili ni la vitendo. Walimu wale walisema hadithi za wazee ni hazina. Katika sharika zetu habari za wainjilisti wa kwanza, za wanawake waliobeba mawe ya kujengea kanisa, za waliofukuzwa nyumbani kwa ajili ya ubatizo, nyingi hazijaandikwa popote. Ziko katika vifua vya wazee wachache, na kila msiba unaondoka na nyingine. Vijana wa kwaya wana simu zenye kinasa sauti. Wakae na bibi na babu zao, wawaache waseme kwa lugha wanayoitaka, kisha ziandikwe na kutunzwa pamoja na vitabu vya usharika. Mtoto atakayeuliza kesho kama imani hii ni ya wageni, apewe hadithi hizo asome.

Mungu aliyezishukia lugha zote siku ya Pentekoste atujalie masikio ya kuwasikia watoto wetu na wazee wetu pia. Amina.